Nani Aliyeipa Bandari Ububu?

Katika msamiati wa ofisi za Serikali, bara na visiwani, limo neno lililozoeleka hata halishtui tena sikio la mtu: bandari bubu. Husikika katika taarifa ya habari, katika hotuba za wakuu wa wilaya, katika ripoti za forodha na katika maazimio ya vikao vya ulinzi na usalama. Maana yake rasmi ni mahali popote pwani, au kando ya ziwa, ambapo vyombo hupakia na kupakua bila ya mahali hapo kutambuliwa na mamlaka yenye kusimamia bandari. Maana yake ya pili haikuandikwa popote, lakini kila asikiaye huielewa: ni maskani ya wezi.

Neno hili halikuzaliwa kwa uhaba wa maneno. Kiswahili ni lugha iliyolelewa na bahari. Mvuvi anapo pahala pake pa kushushia samaki, akapaita diko. Baharia anayo bandari, anayo hori, anao mlango, anayo gati. Akatokea mtu akayapita yote hayo, akachukua sifa ya mja aliyenyimwa ulimi, akaivika pwani. Tusi la kwanza limewaangukia mabubu wenyewe, ambao wana lugha yao ya ishara na wanajua kuitumia. Tusi la pili limewaangukia watu wa madiko. Kila mtu anajua jinsi bubu anavyotendewa na wasiomcha Mungu: hupangiwa bila ya kuulizwa, husemewa na asiyemtuma, na akidhulumiwa huambiwa hana ushahidi. Hiyo ndiyo kazi ya neno hili. Linamtoa shahidi barazani kabla ya kesi haijaanza kusikilizwa.

Tuhuma hii yafaa ipimwe mahali maalumu, nayo Zinga inatosha kuwa mizani. Zinga iko kusini ya mji wa Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam. Upande wake wa baharini wapo jirani zake, Mlingotini, Pande, Kondo na Mbegani, na mbele kidogo, kwa mwenye kuelekea mjini, lipo gofu la Kaole. Hapo Mlingotini bahari imeingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, ikafanya hori pana lililozungukwa na mikoko. Maji yanapojaa, ngalawa na mashua huingia. Yanapokupwa, hulala ubavu juu ya mchanga zikingojea maji mengine. Hapana gati, hapana taa ya kuongozea meli, hapana winchi. Upo mgongo wa mchukuzi apitaye majini na gunia begani, na yupo nahodha aijuaye miamba kwa kumbukumbu.

Mwenye kusema kwamba mahali hapo ni bubu hajapata kusimama pale vyombo vinaporudi. Mnadi hupaza sauti juu ya fungu la samaki, wachuuzi humjibu kwa bei, akina mama wanaokaanga dagaa huhesabiana madeni ya jana. Nahodha huulizwa habari za upepo na mkondo, naye hujibu, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua nani atoke usiku na nani alale. Mapato ya chombo hugawanywa kwa kanuni ambayo kila baharia anaijua: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Ukija msimu wa bamvua, maji yanapokwenda mbali, wanawake wa Mlingotini hushuka kwenye mashamba ya mwani, hufunga miche kwenye kamba, huvuna iliyokomaa na kuianika. Wameyajua mengi ambayo wataalamu walikuja kuyaandika baadaye, likiwemo hili, kwamba mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, hufa maji yanapozidi joto. Wamehangaika kutafuta maji yenye kina zaidi ili waunusuru. Haya yote ni maneno, ni hesabu, ni sheria na ni elimu. Kinachokosekana hapo ni karani wa kuyaandika, na kukosekana kwa karani si kosa la msemaji.

Ama kuhusu historia, pwani hii ilisema kabla ya Dar es Salaam haijapewa jina. Msikiti wa Kaole ulioachwa gofu ni wa karne ya 13. Makaburi yaliyouzunguka, na vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa hapo, ni hati za biashara zisizohitaji muhuri. Kaole haikuuawa na adui. Mchanga na mikoko viliuziba mlango wake, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hata hivyo, mwaka 1857 Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja kwenda kuyatafuta maziwa makuu, walishukia upande huo huo wa Kaole. Baadaye Bagamoyo ikawa ndio mwisho wa njia ya misafara ya Unyamwezi: pembe za ndovu zikishuka, vitambaa na shanga zikipanda, na mashua zikienda na kurudi Unguja kama mkono na mdomo.

Wala haifai kuipamba historia hiyo. Watumwa nao walipitia fukwe hizi. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 na soko la watumwa la Unguja kufungwa, biashara ile haikufa siku hiyo hiyo. Iliendelea kwa siri kwenye hori ndogo za mrima ambazo manowari za Kiingereza hazikuweza kuzichungulia zote. Huo ndio wakati ambapo bandari ndogo zilifanywa mabubu kwelikweli, na aliyenufaika na ububu huo ni mwenye kuuza watu. Anayeitakia pwani mema hawezi basi kuutetea usiri. Bandari ndogo inastahili kusikika, na kusikika ni pamoja na kuulizwa maswali magumu na kutakiwa kuyajibu.

Lipo somo jingine katika karne hiyo, ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayosaini mikataba ya pwani. Mwezi wa Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala na forodha za mrima kwa muda wa miaka 50. Mkataba uliandikwa Unguja. Watu wa Pangani, Saadani na Bagamoyo, ambao bandari zao ndizo zilizokodishwa, hawakuwamo chumbani. Walipata habari Agosti, pale Wajerumani walipokuja kuzishika forodha na kutaka bendera yao ipepee. Kilichofuata kinajulikana. Abushiri bin Salim akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, Bagamoyo ikawa uwanja wa vita, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani akalipwa marki milioni nne, na pwani ikawa imeuzwa moja kwa moja. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliiandika vita hiyo katika utenzi, na jina la utenzi wenyewe lataja Wadachi na Mrima. Basi yafaa kuuliza: bandari zilizoanzisha vita kwa sababu ya forodha zao, zikatungiwa utenzi, zilipata ububu lini?

Wapo watakaojibu kwamba hayo ni ya kale, na kwamba Serikali ya leo ina sababu zake. Sababu hizo zisikilizwe kwa haki. Kwenye madiko hupita magendo ya sukari, mchele na mafuta ya kula. Hupita makaa na miti ya mikoko iliyokatwa bila ya kibali. Kwa miaka mingi, wavuvi wa baruti katika pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam walikuwa na mahali pa kushukia, na si kweli kwamba wenyeji hawakuwajua. Uvuvi huo ulipigwa marufuku tangu mwaka 1970, na miamba iliendelea kuvunjwa. Hakuna mpenzi wa pwani awezaye kuyafumbia macho hayo.

Lakini pale panapodaiwa kuwa bandari isiyo rasmi ndiyo mlango wa hatari, na bandari yenye muhuri ndiyo salama, hesabu inakataa. MV Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi mwezi wa Septemba 2011 ikiwa safarini kwenda Pemba, iliondoka katika bandari kuu ya Unguja ikiwa imejaa kupita kiasi. MV Skagit, iliyozama mwezi wa Julai 2012, iliondoka Dar es Salaam. Kote kuwili walikuwapo makarani, askari, tiketi na mihuri. Mamia ya watu walikwenda na maji, na hakuna aliyediriki kuziita bandari hizo vipofu.

Na kuhusu magendo, watu wa visiwani wanalo jibu lao wenyewe. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa usiku kwenda Kenya, na lawama zote zikabebeshwa bandari bubu. Doria ziliongezwa na wakulima walikamatwa, magendo yakaendelea. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipompandishia mkulima bei hata ikakaribia ile ya soko la dunia, karafuu ziliteremka zenyewe kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa. Doria zilisaidia, bila ya shaka. Lakini fukwe zilikuwa ni zile zile, na mashua ni zile zile. Kilichobadilika ni bei. Mwenye kutafuta chanzo cha magendo huko ufukweni anatafuta moto kwenye moshi.

Sasa yatazamwe yaliyoikuta Zinga na jirani zake katika miaka ya karibuni. Mwezi wa Machi 2013, Rais wa China alipozuru Dar es Salaam, ulisainiwa mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa Mbegani, pamoja na eneo la viwanda nyuma yake. Baadaye mfuko wa akiba wa Serikali ya Oman ukaingia kuwa mshirika, na gharama ikatajwa kufikia dola bilioni 10 za Kimarekani. Tarehe 16 Oktoba 2015, Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka uliofuata mradi ukasimama. Mwezi wa Juni 2019 Rais John Magufuli akayaeleza hadharani masharti aliyoyakataa: dhamana ya miaka 33, ukodishaji wa miaka 99, na kuzuiwa kujengwa bandari nyingine kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mwezi wa Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Miaka kumi baada ya jiwe lile kuwekwa, hakuna meli kubwa iliyokuwa imefunga kamba hapo.

Miaka 50 mwaka 1888; miaka 99 katika karne hii. Anayezisoma tarakimu hizo mbili pamoja hahitaji kuambiwa zaidi. Ni kweli kwamba Serikali ya leo ni ya wananchi na ile ya Sultani haikuwa. Ni kweli pia kwamba masharti yale yalikataliwa, na aliyeyakataa anastahili sifa kwa hilo. Lakini mkataba uliposainiwa, ulipositishwa na ulipotajwa tena, mwanamke wa mwani wa Mlingotini aliujua kwa njia moja: redioni. Ndoa ya pwani yake iliposwa, ikavunjwa, ikaposwa tena, na mwenye nyumba hakuitwa hata kuonja sharubati.

Hoja hapa haiipingi bandari kubwa. Nchi yenye majirani wasio na bahari inahitaji gati za kutosha, na Dar es Salaam imeelemewa siku nyingi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni nani aliyeandikwa kuwa mwenyeji. Fidia ilipohesabiwa, ilihesabu ardhi, nyumba, minazi na miembe, ikaongeza posho ya usumbufu na ya usafiri. Hata hiyo ililalamikiwa, na madai yake yakafikishwa hadi Bungeni. Lakini hata ingelipwa yote kwa siku moja, isingeigusa bahari. Hori halina hati. Diko halina namba ya kiwanja. Mlango wa maji ambao nahodha alirithishwa na babu yake hauwezi kuandikwa katika fomu ya mthamini kama mnazi uzaao. Mtu aliyeishi kwa maji hulipwa mti uliosimama nyuma ya nyumba yake, kisha huambiwa amefidiwa.

Na hapo ndipo lile neno dogo linapoonyesha nguvu zake. Lau mahali hapo pangeandikwa tangu zamani kuwa ni bandari ya Mlingotini, yenye mwaka wake, vyombo vyake, wavuvi wake na wakulima wake wa mwani, mpimaji angelazimika kuukuta ukurasa huo kabla ya kuanza kupima. Paliandikwa bubu, na bubu hana ukurasa. Mbegani penyewe pana chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway, na vijana wamefundishwa humo kusoma bahari. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imevitambua vikundi vya wenyeji vya kusimamia rasilimali za uvuvi katika madiko yao. Kumbe mkono mmoja wa Serikali unamjua msemaji wa ufukweni, na umempa daftari, huku mkono wa pili ukimwandika kuwa hana ulimi.

Katika miaka ya karibuni, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari imeanza kuzirasimisha baadhi ya bandari hizi. Hilo ni jema, kwa sharti moja: urasimishaji usianze na kitabu cha risiti na kuishia hapo hapo. Diko linalopata mtoza ushuru kabla ya kupata kisima, choo, chanja za kuanikia dagaa na boya la kuonyesha mlango wa usiku, litakuwa limefunguliwa kinywa ili litoe fedha tu. Mwaka 2023 taifa zima lilibishana juu ya mkataba wa uendeshaji wa bandari ya Dar es Salaam. Magazeti yalijaa, na wakili, shehe, askofu na mchuuzi kila mmoja alikuwa na la kusema. Mjadala ule ulikuwa wa heshima kwa nchi. Zinga na madiko mengine kama hilo yanastahili walau kikao kimoja chenye wino.

Limebaki fungu moja la kushtakiwa, na ndilo fungu lenye kusoma kurasa kama hizi. Washairi wa pwani wameitumia bandari kuliko watu wa fani nyingine yoyote. Moyo hutia nanga, penzi huenda joshi, mpenzi ni gati, mfitini ni mwamba, fumbo zima la ndoa hupandishwa jahazini na kuteremshwa salama katika beti za mwisho. Ni hazina iliyorithiwa kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa na wengine waliomtangulia na kumfuata. Lakini Muyaka aliutazama mji wake kwa macho mawili. Vyombo, njaa, bei na siasa za Mombasa zimo katika tungo zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alipokaa Ujerumani na kuandika kitabu cha desturi kilichochapishwa mwaka 1903, hakuandika ngoma peke yake. Aliandika biashara, deni na utumwa. Wao walijua kwamba bandari ni mahali kabla ya kuwa mfano.

Mshairi wa leo ameuchukua mfano, akaliacha diko. Ataandika beti thelathini za nanga, na nanga yenyewe ameiona katika picha. Atayataja Matlai na Kusi kwa ajili ya vina, lakini hatauliza ni wangapi wasiotoka baharini Kusi ikivuma. Kibaya zaidi, ataisikia bandari bubu katika taarifa ya habari ya saa mbili, na sikio lake, ambalo hukwaruzwa na mizani pungufu ya silabi moja, halitakwaruzwa. Mlinzi wa lugha amelala mlangoni na neno limeingia ndani, limeketi, linakula.

Dawa ya kwanza, basi, haina gharama. Wenye kuandika waache kuliandika neno hilo, na wenye kutangaza waache kulitangaza. Kila bandari ndogo iitwe kwa jina lake: Mlingotini, Kondo, Kunduchi, Mkokotoni. Ikiwa haijasajiliwa, isemwe kwamba haijasajiliwa, ili kosa limwangukie mwenye daftari. Dawa ya pili yataka kazi. Mikutano ya ushairi ifanyike madikoni, na siyo kumbini peke yake. Mjini Bagamoyo pana Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na kutoka hapo hadi Zinga si safari ya kufungia mizigo. Majina ya milango, ya miamba, ya nyota na ya mikondo yaandikwe kutoka vinywani mwa manahodha wangali hai, kwa sababu pale gati kubwa litakapojengwa, kama litajengwa, mchanga utachimbwa na miamba hiyo itakuwa haipo tena ya kuonyeshwa kwa kidole. Dawa ya tatu ni ya wenye mamlaka: mkataba wowote wa pwani hii usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wa diko kabla ya kusainiwa, na kila diko liwe na mstari wake katika ramani na katika hesabu ya fidia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1888 mshindo wake ulisikika kutoka Pangani hadi Berlin. Hakuna mwenye akili autakiaye mrima mshindo wa namna ile mara ya pili, na njia ya kuuepuka ni nyepesi kuliko kupeleka manowari: ni kushuka ufukweni maji yanapojaa, kuuliza, na kungoja jibu.